Udi wa Maskati

"Niulize utakacho, Inspekta," Kamaria alisema kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayemsomea mwenzake bei za dukani. "Wala usiogope kuniliza. Nilikwisha kulia, ikatosha."

Inspekta Msellem alikuwa amekaa ukumbini kwenye kiti cha mbao, magoti yake yakikaribia kuligusa lile pazia la maua lililotenga chumba cha eda na sehemu nyingine ya nyumba. Hakumwona mwanamke huyo wala hakutazamia kumwona. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajifukizi, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Kamaria alikuwa amebakisha wiki chache tu atoke. Mkekani, karibu na pazia, shangazi yake Bi Tumu alikuwa akipepeta mchele polepole, ungo usije ukamzibia maneno.

Mlangoni alisimama Sajini Simeon Lewa, kofia mkononi. Lewa alikuwa mtu wa Vitengeni, na kila aingiapo nyumba za mji huu wa Malindi hupata shida ileile. Safari hii alikuwa amevua kiatu kimoja, akasita.

"Sajini," Bi Tumu alimwambia bila kuinua kichwa, "vua vyote viwili au vaa vyote viwili. Unanikosesha hesabu ya wageni."

Lewa akavua na cha pili.

"Nieleze habari ya safari," alisema Msellem.

"Safari gani? Ule ulikuwa wazimu. Walikuwa wamekaa barazani hapo ng'ambo ya njia, wao wanne, Awadh wangu na Taib na Aly na Amin, kama wanavyokaa tangu walipokuwa chuoni wakisomeshwa Kurani kwa bakora. Akaja mwenzao mmoja aliyehamia Maskati zamani. Kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akawaambia, nyinyi mmekaa hapa hata sakafu imefanya mashimo, njooni kwangu mkaone watu wengine. Tiketi juu yangu. Wakacheka. Walipokwisha kucheka wakaanza kutafuta mikoba. Hata wiki haikwisha, wakapanda ndege."

"Na pasipoti?"

"Walikuwa nazo. Mwaka wa kabla yake walihiji pamoja."

"Awadh alikuagaje?"

"Alisimama hapo ulipo. Akaniuliza, nikuletee nini? Nikamwambia, niletee udi. Udi umekuja."

Mkono ulitoka chini ya pazia, mkono mtupu usio na bangili wala hina, ukasukuma kifurushi cha karatasi ya kijani kilichofungwa kwa uzi wa dhahabu. Kilikuwa hakijafunguliwa. Hata hivyo harufu ilikuwa inapenya karatasi, nzito na tamu.

"Taib ndiye aliyeniletea. Akasema Awadh alininunulia sokoni siku moja kabla bahari haijamchukua. Siwezi kuufukiza nami niko eda. Basi nimekaa nao humu, unanitazama, nautazama."

Msellem alikigeuza kile kifurushi, akakirudisha chini ya pazia. "Na kwa nini umetuita leo, Bi Kamaria? Siku zote hizi ulinyamaza."

"Mwambie, Bi Tumu."

Bi Tumu aliweka ungo chini. "Nilikwenda dukani kwa Taib kununua shuka. Akanyoosha mkono kupima. Nikaiona saa. Ya marehemu! Ile ya mkanda wa chuma, kioo kina ufa. Baba, saa ya maiti huletwa kwa mkewe kwanza, hata kama haitembei. Ndipo amgawie amtakaye."

"Tena Jumatatu," akaendelea Kamaria, "kadhi atawasikiliza hao watatu. Wakishasema, nitaandikwa mjane, na shauri limekwisha."

"Na huko Mambrui kuna mtu anangoja," Bi Tumu aliongeza, akishusha sauti kana kwamba mwenyewe hasikii. "Mtu mzima, ana minazi yake. Hajatamka neno, maana si halali kuposa mwanamke yuko eda. Lakini ameshatuletea samaki, changu, mara mbili."

"Sikuwala wale changu," alisema Kamaria. "Inspekta, mimi nataka jambo moja kabla ya Jumatatu. Kama wamemuua, niambie. Kama ni bahari, niambie. Nimechoka kukalia maneno ya watu."

"Mji mzima ulimsalia," Bi Tumu alinong'ona. "Hata weye ulikuwemo msikitini, nimesikia."

"Nilikuwemo," alisema Msellem, akasimama.

*

Duka la Taib lilikuwa karibu na soko la zamani. Taib alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye kinywa chake kilikuwa kikifungua duka kabla ya ufunguo.

"Aa, Inspekta! Unataka kikoi au unanitaka mimi?"

"Wewe."

"Mimi ni ghali."

"Tutapatana bei."

Taib alicheka. Lewa alijiegemeza kwenye meza ya kupimia, akaanza kupapasa pindo la kikoi kama mnunuzi. Msellem aliitazama ile saa. Mkanda wa chuma. Ufa ulikuwa unapita juu ya tisa mpaka chini ya nne.

"Nieleze alivyokufa Awadh."

Uso wa Taib ulijikunja mara moja, kama kitambaa kilichozoea mikunjo yake. "Baada ya alasiri. Tumetoka kwenda ufukweni kupunga upepo, tuna halua yetu, tuna kahawa. Awadh akasema anaingia majini. Nikamwambia, bwana, bahari ya huku usiifananishe na ya kwetu. Ya kwetu ina mwamba huko mbele unaizuia, ya kule iko wazi. Hakusikia. Mkondo ukamvuta. Wavuvi wakamtoa amekwisha. Akazikwa jioni ileile."

"Nani alimwosha?"

Taib alichomoa uzi kwenye jora la kitambaa lililokuwa mbele yake. Uzi ulikuwa mrefu. "Aly. Mimi sikuweza hata kumtazama."

"Na saa?"

"Alinipa."

"Lini?"

"Kulekule."

"Akiwa hai?"

"Sasa maiti atanipaje, Inspekta?" Taib alicheka peke yake, akaacha. "Tulibadilishana. Yangu aliivaa yeye, ikaenda naye. Hii nimebaki nayo kwa ukumbusho."

"Mkewe alitaka ukumbusho pia."

"Nitampelekea. Wallahi nilikuwa na nia." Akaipangusa saa kwa kidole gumba. "Inspekta, hujui msiba huu ulivyonifanya. Hata ile Ijumaa aliposaliwa sala ya ghaibu sikuweza kwenda. Tumbo lilinikamata, niko kitandani na bakuli la uji. Muulize mke wangu. Rafiki yangu wa utotoni, na kumsalia sikumsalia."

"Pole," alisema Msellem.

Nje, Lewa alisema kwa sauti ya chini, "Yule amebeba saa ya mtu kama amebeba kuku wa wizi."

*

Aly alikuwa na lori la kuchukua maziwa ya Mariakani. Walimkuta uani kwake, yuko chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana. Msellem hakumwomba atoke. Alichuchumaa, akaihoji miguu.

"Habari ya kazi, Aly?"

"Nzuri, Inspekta. Ngoja nikaze hii, isije ikaniangukia usoni."

"Kaza tu. Nani alimwosha Awadh?"

Spana ilinyamaza. Vidole vya miguu vikajikunja.

"Taib."

"Taib anasema ni wewe."

"Basi amesahau. Mtu akifiwa huchanganyikiwa."

"Wewe hukufiwa?"

Kisha spana ikaanza tena, polepole, kama inakaza kitu kilichokwisha kukazwa.

"Nani aliingia kaburini kumpokea?"

"Mimi. Mimi na watu wa kule."

"Alilazwa upande gani?"

"Upande wa kulia, uso kibla. Kwani hulazwaje?"

"Jibu lako ni la kitabuni, Aly. Nakuuliza ulichokiona."

"Nimeona hicho."

Msellem aliokota nati iliyokuwa mchangani, akaiviringisha chini ya lori. Mkono wenye grisi ukaipokea.

"Taib na Awadh walipatana huko?"

"Ah." Aly alijivuta nje nusu, mpaka kifuani. Uso wake ulikuwa umejaa masizi na jasho. "Mimi si mtu wa kuchongea. Lakini ukiniuliza nitasema. Walirushiana maneno siku ya mwisho. Taib alimkamata kanzu hata ikachanika hapa." Alionyesha kifuani, akaacha alama ya grisi kwenye fulana yake. "Mimi na Amin tuliwaachanisha."

"Waligombania nini?"

"Hilo muulize Taib."

"Nakuuliza wewe."

"Sikusikia vizuri. Upepo ulikuwa mwingi." Akarudi chini ya lori. Sauti yake ikaja imebanwa: "Mimi Mungu anajua nilivyompenda yule. Na sikujaliwa hata kumsalia. Ijumaa ile ekseli ilinikatikia Mariakani, nikalala na maziwa mpaka yakaganda."

"Pole," alisema Msellem tena, akainuka.

*

Walikaa ndani ya Landrova, milango wazi, jua likipiga boneti. Lewa alikuwa na hakika, na mtu akiwa na hakika hujipigapiga mapaja.

"Mzee, kesi imekwisha. Saa iko kwake. Ugomvi upo, kanzu imechanika. Yeye ndiye aliyekuwa naye ufukweni. Tena hakuna aliyemwosha, huyu anasema yule, yule anasema huyu. Walimwacha majini wakakimbia. Taib ameua, hawa wawili wamefunika. Twende tukamchukue kabla hajauza duka."

"Mwili uko wapi?"

"Maskati."

"Shahidi?"

"Aly."

"Aly hakusikia, upepo ulikuwa mwingi."

Lewa alipiga usukani kwa kiganja. "Nyinyi watu wa mjini mna mambo. Kwetu mtu akifa mbali tungemfanyia hanga, watu wangekesha siku kadhaa. Na rafiki asiyetokea hangani, hakuna haja ya polisi. Wazee wangekwenda kumuuliza mlangoni kwake."

Msellem alikuwa ametoa sigara. Haikufika mdomoni.

"Rudia."

"Nini? Wazee?"

"Rafiki asiyetokea."

Aliirudisha sigara paketini. Taib, tumbo. Aly, ekseli. Hakuna aliyeulizwa; kila mmoja alijisemea mwenyewe, kama mtu anayekuonyesha jeraha usije ukagusa kwingine. Alibaki Amin, mshona kofia. Amin hakuwa kitandani Ijumaa ile wala hakuwa Mariakani. Amin alikuwa msikitini, safu ya tatu, bega lake limegusana na la Msellem. Waliswali Ijumaa pamoja, wakatoa salamu. Kisha imamu akasimama, akatangaza kwamba wanamsalia ndugu yao Awadh aliyezikwa Maskati. Watu wakainuka. Amin akainuka, akainama, akasema udhu umemtoka, akapita katikati ya watu kwenda nje. Msellem ndiye aliyesogea kulia kuliziba pengo. Alikumbuka hata jamvi lilivyokuwa na joto pale alipotoka mwenzake.

"Lewa, ungekuwa umemuua mtu, ungekwenda kumsalia?"

"Ningekwenda! Ningelia kuliko mamake."

"Naam. Muuaji angekuwa safu ya mbele, kilemba kichwani, watu wote wamwone. Hawa wameikimbia ile sala wote watatu."

"Basi?"

"Washa gari. Twende kwa Amin."

*

Amin alikuwa akishona barazani mwa msikiti mdogo ulioko nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu ambaye watu humwachia funguo wakisafiri. Kofia ilikuwa gotini, nusu imekwisha darizi, nusu bado ni vijitundu vitupu. Alipomwona Msellem alichoma sindano kwenye kofia, akasimama kumpa mkono. Mkono ulikuwa wa baridi.

"Karibu, Bwana Msellem. Unataka kofia ya Idi?"

"Idi iko mbali. Nimepita tu." Msellem alikaa kando yake, akavua viatu. Lewa alibaki kwenye gari. "Nimetoka kwa Bi Kamaria."

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Mwanamke mvumilivu yule," alisema Amin, akiyatazama maji ya birika la kutawadhia. "Kila Jumapili mimi humpelekea mahamri na mbaazi. Hubisha hodi, huacha mlangoni."

Msellem hakumuuliza habari ya bahari wala habari ya saa. Hakuuliza aliyeosha wala aliyezika. Alikunja mikono ya shati lake la kazi mpaka kwenye viwiko, moja, kisha nyingine.

"Mimi nahisi sijamtendea Awadh haki," alisema. "Siku ile nilisali roho yangu iko kituoni. Nawe udhu ulikutoka, hukupata. Twende tukamsalie sasa, mimi na wewe. Wewe utangulie, wewe ndiye rafiki."

Amin alitabasamu kidogo. "Alikwisha kusaliwa na mji mzima, bwana."

"Wewe hukumsalia."

"Faradhi ikishatimizwa na wengine..."

"Haikatazwi kuongeza. Hakuna rukuu, hakuna sijida. Takbira nne na dua. Haichukui muda wa kudarizi ua moja."

Amin aliweka kofia chini. Akaenda birikani, akachukua kata, akachota maji. Aliosha mikono. Aliosha mdomo, akaosha pua. Akaosha uso, akauosha tena, kisha tena. Akarudia mikono kana kwamba hakuwahi kuiosha. Maji yalikuwa yakipita kwenye mfereji wa saruji, yakaingia migombani, naye akawa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, bila kufika miguuni.

Msellem alisimama mlangoni mwa msikiti, ameelekea kibla, akimngoja.

"Siwezi," alisema Amin.

"Kwa nini?"

"Bwana Msellem, usinitie katika hili."

"Kumwombea rafiki yako?"

"Siwezi kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu nikasema, ewe Mola, mghufirie maiti huyu." Kata ilimtoka mkononi, ikaelea. "Hajafa."

Msellem alirudi, akakaa ukingoni mwa birika. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Sema yote."

Amin alisema yote, akiitazama ile kata ikizunguka. Walikwenda Maskati kucheka tu, hawakuwa na nia nyingine. Siku za mwanzo walikuwa kama watoto waliofunguliwa, wakila, wakizurura sokoni, wakitaniana kwa majina ya chuoni. Kisha Awadh akapelekwa kwa watu wa babu yake. Wakamlilia shingoni. Mzee mmoja akamwonyesha chumba alichozaliwa babu yake, dirisha lilelile. Wakampatia kazi bandarini, wakaanza kumtengenezea makaratasi ya kule, na mwishowe wakampa na mke. Awadh akarudi kwa wenzake akasema, mimi sirudi.

"Angempa Kamaria talaka yake," alisema Msellem. "Talaka haina haja ya mtu kuzama."

"Kamaria ni binti wa amu yake. Akimwacha, nyumba mbili zitavunjika. Na yeye je? Malindi hii unaijua. Mumewe amekwenda kutembea wiki mbili, akamtupa kama ganda la ndizi. Wangemcheka mpaka kisimani. Lakini mjane..." Amin alipangusa uso kwa kiganja. "Mjane watu humheshimu. Tulikaa mchana mzima tukalizungumza. Tukaona afadhali aliliwe kuliko achekwe. Tulimfanyia hisani, Bwana Msellem. Wallahi tuliona ni hisani."

"Na ugomvi?"

"Taib hakutaka yeye ndiye ampelekee habari. Awadh akamwambia, wewe una maneno. Wakakamatana. Mwishowe Awadh akavua saa, akamvisha Taib mkononi, akasema marehemu hana haja ya saa. Tukacheka." Aliisukuma kata kwa kidole. "Sote tulicheka."

"Mkagawana uongo."

"Taib aseme bahari, Aly aseme kaburi, mimi ninyamaze nitikise kichwa. Tukasahau kugawana nani aseme amemwosha."

"Na udi?"

"Ule ni kweli. Alimnunulia mwenyewe. Alichagua muda mrefu."

Msellem alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo. "Jumatatu mbele ya kadhi mngeshika Msahafu?"

"Tulikuwa tukitafuta udhuru wa Jumatatu," alisema Amin. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

"Kuna mtu wa Mambrui anayemngoja. Ameshaanza kutuma samaki. Eda itakwisha, Kamaria ataolewa, na mumewe yuko hai. Mlifikiri nini nyinyi? Mngekaa mkekani mle pilau ya harusi hiyo?"

Kinywa cha Amin kilibaki wazi. Alikuwa mtu wa kufikiri kila tundu la kofia kabla hajatia uzi, na uso wake ulionyesha kwamba tundu hili hawakuliona, yeye wala wenzake.

"Hatukufika huko," alisema.

"Mlitoa taarifa ya uongo kituoni. Hilo tutalizungumza. Sasa vaa viatu."

"Unakwenda kumwambia? Bwana Msellem, mwache. Ameshazoea. Mwanamke ameshazoea msiba wake, usimwamshe."

Msellem alikuwa ameshafika garini.

*

Walimwacha Amin kituoni aandike maelezo yake, na Msellem akarudi kukaa kwenye kiti kilekile. Safari hii Lewa alivua vyote viwili bila kuambiwa. Bi Tumu alikuwa bado na mchele wake; inawezekana ulikuwa ni uleule, umekwisha kuwa safi zamani.

"Yuko hai," alisema Msellem. Hakutafuta maneno mengine.

Ungo ulimponyoka Bi Tumu, mchele ukatawanyika mkekani mpaka kwenye vidole vya Lewa. Nyuma ya pazia hakukutikisika kitu.

"Yuko wapi?" Kamaria aliuliza.

"Maskati. Anafanya kazi bandarini."

"Ameoa?"

"Ameoa."

"Wale walijua?"

"Wote watatu."

"Amin naye?"

"Amin naye."

Sauti ya vikombe vya muuza kahawa ilipita njiani, ikasimama ng'ambo, barazani.

"Amin hubisha hodi kila Jumapili," alisema Kamaria. "Huniambia, pole shemeji, Mungu akupe subira. Mahamri yake ni mazuri. Huyatia iliki. Kwa hiyo mimi sasa ni nani, Inspekta?"

"Mke wa mtu."

"Nilikuwa nimeuzoea ule ujane. Nilikuwa nimeshauwekea mahali pake." Sauti ilikuwa ileile ya asubuhi, ya mtu anayesoma bei za dukani. "Walikaa wakaniamulia?"

"Walisema walitaka usichekwe."

"Wakanifungia chumbani."

Msellem alisema lililo la kazi yake: "Jumatatu nitakwenda kwa kadhi na maelezo ya Amin. Wewe unaweza kumwomba akutenganishe na Awadh. Una haki hiyo."

"Nitakwenda mwenyewe. Mchana, kwa miguu, nipite hapo mbele yao." Kitanda kililia; alikuwa amesimama. "Bi Tumu."

"Naam, mwanangu."

"Lete chetezo."

"Kamaria! Watu watasema nini? Mjane yuko eda..."

"Mjane nani? Lete na makaa."

Bi Tumu alimtazama Msellem, akamtazama Lewa, kisha akainuka akipita juu ya mchele. Ule mkono mtupu ukatoka tena chini ya pazia. Kifurushi cha kijani kilikuwa palepale kilipoachwa asubuhi. Mkono ukakichukua, na Msellem akausikia uzi wa dhahabu ukikatwa kwa meno.

Waliaga, wakatoka.

Ng'ambo ya njia, Taib na Aly walikuwa wamekaa barazani pao baada ya alasiri, kama siku zote, vikombe vya kahawa vidoleni. Katikati yao kulikuwa na nafasi mbili. Taib aliinua kikombe kumsalimu Msellem kwa mbali.

"Tuwachukue sasa, mzee?" Lewa aliuliza, akifunga kamba za viatu juu ya ngazi.

Moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka kwenye dirisha la chumba cha eda. Harufu ilishuka njiani pamoja na upepo, harufu ya udi wa Maskati, nzito, tamu, ya nyumba yenye arusi. Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu alisimama, akaliangalia lile dirisha, akatia buibui mdomoni. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Aly alikuwa ameshageuza kichwa. Taib alibaki na kikombe chake hewani, kisha, taratibu, akashusha mkono na kuuvuta mkono wa kanzu mpaka ukaifunika saa.

"Mzee? Tuwachukue?"

"Ngoja," alisema Msellem. "Waache waunuse kwanza."